Eti mvinyo mwekundu hauingii friji? Si kwa joto la Kigoma

Kila Krismasi utasikia: mweupe ndio wa friji, mwekundu hunywewa kwa "joto la chumba". Chumba kipi? Kauli hiyo ilitoka Ulaya, kwenye nyumba za zamani zenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Ujiji mchana hupita 25 bila shida. Kwa joto hilo kilevi hukupanda puani kabla ya harufu ya zabibu, na mvinyo mzuri tu wa Dodoma unaishia kunukia kama gongo.

Weka chupa kwenye friji dakika 40, si kwenye friza. Umeme umekatika? Ndoo, barafu nusu, maji nusu: dakika 10 hadi 12 zinatosha. Barafu tupu hupoza polepole kwa sababu haigusi chupa yote. Usipitilize lakini, mwekundu ukipoa mno, ukakasi wake hukaza ulimi.

Kwa mbuzi wa kuchoma, mwekundu ni sawa. Mgebuka wa kukaanga ni habari nyingine: mwekundu wenye ukakasi ukikutana na mafuta ya samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Hapo fungua mweupe usio mtamu, uliokaa kwenye ndoo hiyohiyo kama nusu saa.