Je, wajua kwa nini ghorofa za nyumba za kale za Ulaya huchomoza juu ya njia?

Ukiingia mtaa wa Shambles katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, kila unavyoinua macho ndivyo anga linavyozidi kubanwa. Ulikuwa mtaa wa wauza nyama. Kulabu za kutundikia nyama na rafu pana chini ya madirisha bado zipo kwenye baadhi ya nyumba. Nyumba zenyewe ni za mbao, nyingine za tangu karne ya 14, na ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko iliyo chini yake, hadi mahali pengine mapaa ya pande mbili yanakaribia kugusana.

Jibu ambalo mgeni husikia mara nyingi ni kodi: eti mwenye nyumba alitozwa kwa ukubwa wa ardhi aliyojengea, basi akajenga chini padogo na juu pakubwa. Maelezo haya yameenea mno, na yanaingia akilini haraka, ndiyo maana yanastahili kuchunguzwa kwa makini.

Tuanze na kodi zenyewe. Kodi mbili za nyumba zinazojulikana sana Uingereza ni ile ya meko ya mwaka 1662, iliyohesabu sehemu za kuwashia moto, na ile ya madirisha ya mwaka 1696. Hakuna kati ya hizo iliyopima ardhi. Tena zote zilikuja wakati ujenzi huu umeshaanza kuachwa. Hapohapo York, katika mtaa wa Goodramgate, kuna safu ya nyumba iitwayo Lady Row, iliyojengwa mwaka 1316, na ghorofa yake inachomoza: zaidi ya miaka 300 kabla ya kodi ya meko.

Halafu kuna mashamba. Kent, kusini mashariki mwa nchi, wakulima wenye uwezo walijenga nyumba za mbao zenye vyumba vya juu vinavyochomoza, huku wamezungukwa na ardhi yao pande zote. Hapo hapakuwa na mtaa wa kubania wala jirani wa kugombania nafasi. Kama sababu ingekuwa kodi ya kiwanja cha mjini, seremala wa Kent asingekuwa na haja ya kujisumbua.

Watawala nao walishughulika zaidi na wapita njia. Kanuni za jiji la London zilizokusanywa mwaka 1419 zilitaka vichomozo viwe angalau futi 9 kutoka chini, ili aliyepanda farasi apite bila kugonga kichwa.

Kwa seremala, sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye boriti. Chukua ubao mrefu, uuweke juu ya mawe mawili, moja kila ncha, kisha mtu asimame katikati: ubao unanepa. Sasa sogeza jiwe moja ndani kidogo ili ncha ya ubao ibaki ikielea, na mtu wa pili aikalie ncha hiyo. Uzito wake unaivuta ncha chini, jiwe linakuwa egemeo, na sehemu ya katikati inanyanyuliwa. Yule wa kwanza hajatoka mahali pake, lakini ubao chini ya miguu yake umepunguza kunepa. Jiwe ni ukuta wa chini, ubao ni boriti ya sakafu, na mtu wa pili ni ukuta mzima wa ghorofa ya juu. Uzito ambao ungedhaniwa kuielemea nyumba ndio unaoinyoosha sakafu yake. Hili ni jambo la kupendeza kweli, hasa ukikumbuka kwamba maseremala wa enzi hizo walizilaza boriti kwa ubapa, namna inayonepa haraka kuliko kuzisimamisha kwa ubavu.

Bila shaka hawakuacha mahesabu yoyote ya kuthibitisha kwamba hilo ndilo walilolenga. Zilikuwapo faida nyingine zilizoonekana kwa macho. Kila ghorofa iliweza kuwa na nguzo zake fupi badala ya mti mmoja mrefu wa mwaloni kutoka chini hadi paani. Kuta zilijazwa fito na udongo, na kichomozo kiliukinga ukuta wa chini na mvua. Na chumba cha juu kiliongezeka, jambo la thamani kwenye kiwanja chembamba. Kwa hiyo hoja ya nafasi ina ukweli wake mjini, ila peke yake haitoshi.

Ukitaka kuona ufundi wenyewe, tafuta nyumba ya pembeni inayochomoza pande mbili na utazame chini ya kona yake. Boriti haziwezi kuelekea pande mbili kwa pamoja, hivyo fundi aliweka mhimili mnene unaokata kona kwa mshazari, na boriti fupi zikachomekwa kila upande wake.

Rouen, Ufaransa, ilivipiga marufuku vichomozo mwaka 1520. London ilisubiri moto mkubwa wa mwaka 1666. Sheria ya mwaka uliofuata ikaagiza kuta za matofali au mawe. Kwingineko wenye nyumba waliusogeza mbele ukuta wa chini hadi ukalingana na wa juu, kisha wakapiga lipu. Kwa hiyo nyuma ya ukuta ulionyooka wa mji wa namna hiyo, ncha za boriti za kale huenda bado zimo ndani, zimebeba ghorofa ileile.