Madai mengi si lazima yalete watu wengi

Wengi hudhani bango la maandamano likibeba madai kumi, kila mpita njia atapata lake na kujiunga. Kumbe huwa kinyume. Asiyekubaliana na dai la saba anaondoka na yote kumi, na wapinzani huchagua lile dhaifu wakalipiga hilo tu.

Hapa Arusha tuna mfano wetu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, na kuchoma nyumba zao ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Manung'uniko yalikuwa tele: kodi, utawala, dharau. Lakini Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, aliposimama Umoja wa Mataifa mwaka 1952, kesi aliyobeba ilikuwa moja, turudishieni ardhi yetu. Wameru walichanga fedha za safari wakijua wanachangia nini. Hata asiyewahi kuuona Mlima Meru alielewa maana ya kuchomewa nyumba na kuhamishwa.

Ardhi haikurudishwa kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa kule New York, tusidanganyane. Ila kisa hicho kilisimulika kirahisi, kikawa silaha ya siasa za uhuru Tanganyika nzima. Orodha ya madai kumi nani angeikumbuka?