Virutubisho vya nano kwa kuku wa nyama: kipimo kwanza, sifa za muuzaji baadaye

Malalamiko yameongezeka kutoka kwa wafugaji wa kuku wa nyama Nzuguni, Nkuhungu na kwingineko jijini Dodoma kuhusu pakiti na chupa zinazouzwa kwa jina la "nano". Tunaomba maelezo haya yasomwe kabla bidhaa yoyote haijatiwa kwenye chakula.

Nano si dawa. Ni ukubwa wa chembe: kati ya nanomita 1 na 100, na mita moja ina nanomita bilioni moja. Madini ni yaleyale, hasa zinki na seleniamu, ila yametengenezwa kwa chembe ndogo mno ili yafyonzwe kwa urahisi zaidi utumbo unapoyapokea. Zinki hujenga kinga na manyoya. Seleniamu huzuia mafuta ya nyama kuharibika mapema, na yapo majaribio yaliyoonyesha nyama ikivuja maji kidogo baada ya kuchinja. Majaribio mengine hayakuona tofauti.

Kinachotutia wasiwasi ni kipimo. Broila, yaani kuku wa nyama, anahitaji takribani miligramu 0.15 za seleniamu katika kila kilo ya chakula, yaani miligramu 7.5 kwa mfuko wa kilo 50. Punje ya mahindi ina uzito wa miligramu 300 hivi. Igawe vipande 40, na kipande kimoja ndicho seleniamu ya mfuko mzima. Kwa sababu hiyo bidhaa halali huchanganywa kwanza na unga wa kubebea, unaoyasambaza madini sawasawa, na lebo hutaja kiasi cha madini kwa kila kilo. Mfugaji anapotueleza kwamba alitia "vijiko viwili" akakoroga kwa koleo, hatuna cha kukokotoa. Tena chakula cha dukani tayari kina premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini, yenye madini hayohayo. Seleniamu ikizidi huwa sumu, na kwa vipimo vidogo namna hii ni rahisi kukosea.

Kuhusu madini ya fedha (silva) ya nano tunasema wazi: kuku hayahitaji katika lishe yake. Yanaua bakteria, ni kweli, lakini yanaweza kujikusanya kwenye ini, na yanayotoka na kinyesi huishia kwenye samadi mnayopeleka kwenye mizabibu.

Nano si homoni ya kukuza kuku. Hili tumelirudia mno. Broila hukua kwa wiki tano au sita kwa sababu ya uteuzi wa mbegu na lishe. Vilevile hakuna madini yanayochukua nafasi ya chanjo ya magonjwa ya kideri au Gumboro, wala yanayoyarudishia usalama mahindi yenye ukungu. Mkoa huu, uliopoteza watu kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, mwaka 2016, haupaswi kuelezwa hilo mara mbili. Mahindi yaliyovunda hayafai kwa kuku pia.

Ukiitilia shaka bidhaa, acha kuitumia na usitupe kifungashio. Chota chakula kilichochanganywa kutoka juu, katikati na chini ya mfuko, changanya, kisha weka nusu kilo katika kila mfuko kati ya miwili safi na mikavu. Funga. Andika tarehe, jina la bidhaa, namba ya toleo, na umri wa kuku. Ambatisha nakala ya risiti. Mfuko mmoja mkabidhi ofisa mifugo wa kata ili sampuli ifikishwe maabara, wa pili ubaki kwako bila kufunguliwa. Sampuli isiyo na lebo wala risiti hupimwa, lakini ni vigumu kumfikia muuzaji kwa sampuli hiyo.

Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inampa mkaguzi mamlaka ya kuchukua sampuli na kuzuia bidhaa, na mkosaji hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Anayechanganya chakula nyumbani na kumuuzia jirani naye ameingia katika biashara hiyo, na masharti yake yanamhusu. "Nilikuwa namsaidia tu" si utetezi.

Kwa ambao wameshalisha: rudini kwenye chakula cha kawaida, maji safi muda wote, na msipeleke kuku sokoni Majengo wala Sabasaba kabla ofisa mifugo hajawakagua kuku hao. Wakati wa kumimina unga uliobaki ili kuufungasha, funikeni pua na mdomo. Vumbi lake ni jepesi na huingia ndani kabisa ya mapafu.