Vampaya kufa kwa jua: hiyo sheria haikutoka kwenye kitabu

Kuna ile meseji inazunguka kila siku kwenye magrupu ya wasomaji, eti vampaya (yule mfu wa hadithini anayenyonya damu za watu) wa asili lazima aungue afe jua likimpiga, kwa hiyo riwaya yoyote yenye vampaya anayetembea mchana imeharibu na ipewe nyota moja. Si kweli jamani. Dracula, riwaya ya 1897 ambayo wengi ndo wanaiita ya asili, vampaya wake anaonekana mchana kweupe barabarani Piccadilly, London. Kitabu kipo bure mtandaoni, fungua sura ya 13 usome mwenyewe.

Kinachochanganya watu ni kwamba mle ndani mchana nguvu zake zinapungua, hawezi kujigeuza umbo muda wowote anaotaka, sasa kupungukiwa nguvu na kufa ni vitu viwili tofauti kabisa. Hii ya kufa kwa jua ilienezwa na filamu ya Nosferatu ya 1922, zingine zikaiga, na wengi wetu tulianza na filamu kabla ya kitabu.

Meseji hiyo ikikufikia usiifowadi, iishie kwako. Mwandishi akivunja sheria alizojiwekea mwenyewe kwenye riwaya yake, hapo sawa, mkosoe.