"Put on" si "wear", na Kiswahili hakina hatia

Kwa mara nyingine nimeambiwa, safari hii na mwalimu mwenzangu hapa Kampala, kwamba "put on" na "wear" ni kitu kimoja kwa kuwa yote mawili kwa Kiswahili ni kuvaa, na kwamba Mganda au Mkongomani anayeandika "the thief was putting on a black jacket" ameponzwa na lugha zetu za Kibantu, ambazo eti hazitenganishi tendo la kuvaa na hali ya kuwa na nguo mwilini. Dai la kwanza naweza kulivumilia. La pili linanichosha, kwa sababu mambo yako kinyume kabisa.

Nianze na lililo jepesi. "Put on" ni tendo: nguo haikuwa mwilini, sasa inaingia. "Wear" ni hali: nguo imo mwilini tayari. Sentensi ile, akiisoma mtu aliyekulia Leeds, inamwonyesha mwizi aliyesimama katikati ya wizi wake, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti na wa pili bado unatafuta njia. Yambwa, yaani kile kinachovaliwa, ikiwa kiwakilishi hukaa katikati, "put it on". Ikiwa nomino, iweke katikati au mwishoni upendavyo. Maana nyingine za kitenzi hiki, kama kuwasha taa, kuteleka birika, kuongezeka uzito na kuigiza lafudhi isiyo yako, haziwasumbui wanafunzi wangu, basi naziacha.

Sasa hilo la lugha zetu. Kiswahili kinatenganisha vizuri sana: anavaa koti, amevaa koti. Luganda nacho hakichanganyi "ayambala" na "ayambadde". Sisi tofauti hiyo tunaibeba ndani ya kitenzi kilekile kwa kubadilisha umbo lake, ilhali Mwingereza hubadilisha kitenzi chenyewe. Mwanafunzi anaiona tofauti vizuri tu, ila anaitafutia mahali pasipo pake.

Tazameni anavyofika huko. Tangu shule ya msingi amefundishwa kwamba amekaa ni "is sitting", amesimama ni "is standing", amelala ni "is sleeping". Anahitimisha, tena kwa haki, kwamba "-me-" yetu inayoeleza hali huingia katika Kiingereza ikiwa na "-ing". Akifika kwenye amevaa, anachukua "put on" aliyoizoea, anaipachika "-ing", na kanuni yake nzuri inamwangusha. Kibaya zaidi, hata vitenzi vya maneno mawili vinamhadaa, kwa maana "is sitting down", "is lying down" na hata "is standing up" vinaweza kumweleza mtu aliyekwisha kutulia katika mkao huo, lakini "is putting on" haina uwezo huo hata kidogo. Vitabu vingi huvipanga vitenzi hivi kwa alfabeti, kila kimoja na maana zake, na jambo hili ambalo ndilo kiini cha tatizo halitajwi. Anayependa kubaki na "on" anayo "he had a black jacket on", ambayo ni hali halisi na haina kasoro.

Dawa ninayoitoa darasani ni Kiswahili chenyewe. Kabla ya kuandika maelezo ya polisi, jiulize: mtu yule alikuwa anavaa au alikuwa amevaa? Ukijibu anavaa, andika "was putting on". Ukijibu amevaa, andika "was wearing". Atakayesema kwamba lugha zetu ndizo zinazoleta kosa anieleze kwa nini basi ndizo zinazolisahihisha.

Ile sifa yetu, "You have put on well", yaani umevaa ukapendeza, inahitaji tahadhari yake. Mwingereza akisikia "you've put on a bit" huelewa kwamba umenenepa, na atanuna, ingawa kwa shangazi zetu wengi hata hiyo ingekuwa sifa.

Kinyume cha "put on" kwa nguo ni "take off". Wanaosema "put off your shoes" huchekwa, lakini wanaowacheka wangefungua Biblia ya King James ya mwaka 1611, Kutoka 3:5, ambapo Musa anaamriwa "put off thy shoes". Ni matumizi yaliyochakaa, wala hayakubuniwa Uganda. Siku hizi "put off" ni kuahirisha jambo au kumkatisha mtu hamu.

Kuna mahali ninaposita. Hapa Uganda, wakili, mhubiri na mtangazaji wa redio husema "he is putting on a suit" na kila msikilizaji anaelewa suti imo mwilini. Matumizi yaliyoenea kiasi hicho, kwa watu waliosoma kiasi hicho, moyo wangu hauniruhusu kuyaita kosa kwa sauti kubwa, na bado katika karatasi ya mtihani nayapiga mstari mwekundu, kwa kuwa msahihishaji atayapiga. Kwa mwanafunzi mkimbizi anayejiandaa kwa mahojiano ya kuhamia Canada sisiti kabisa. Maneno yake yataandikwa na kusomwa na mtu ambaye huenda hajawahi kufika Kampala, naye anaweza kuuliza kwa nini mshambuliaji alichagua saa ile ya kuvaa.