Vito na mitishamba: simulizi zinavyosema, maabara zinavyosema

"Kama wazee walikosea sababu, basi na dawa yao ni uongo." Naanza na dhana hii kwa kuwa huwaponza hata wasomi. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu gome la mwerebi. Alifikiri hivi: homa za vipindi huwapata watu wa penye majimaji, na mwerebi huota huko huko, basi dawa imewekwa jirani na ugonjwa. Hoja haina mashiko hata kidogo. Ila Stone hakuishia hapo. Alitia magome mfukoni, akayakausha kwenye tanuri la mwoka mikate kwa zaidi ya miezi mitatu, akayatwanga, akawapa wagonjwa wapatao 50, na wengi wakapata nafuu. Gome hilo lina salisini, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi ya jamii moja na aspirini. Hushusha homa (vimelea vya malaria haliviui, tusichanganye mambo). Anayechambua maandishi ya kale atenge kile watu walichotenda na kile walichodhani ndiyo sababu yake.

Kwa fikra za namna hiyo hiyo, mimea ya jamii ya Aristolochia ilipewa wanawake wakati wa kujifungua kwa karne nyingi, eti kwa sababu ua lake lina umbo la mji wa mimba. Leo inajulikana kwamba asidi iliyomo huharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Wale wanaosema "imetumika tangu enzi, basi ni salama" wangeutazama mmea huu vizuri. Madhara yake hujitokeza baada ya miaka, na hakuna mkunga ambaye angeyahusisha na majani yaliyonywewa zamani hizo.

"Mitishamba lazima ichemshwe ndipo itoe nguvu." Katika karne ya 4, tabibu Ge Hong wa China aliagiza konzi moja ya mmea wa artemisia ilowekwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Hakutaja moto. Tu Youyou, mtafiti wa China wa zama zetu, alipoyasoma maelekezo hayo alishuku kwamba joto ndilo linaloua dawa, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Mwaka 1971 dondoo lake likaangamiza vimelea vya malaria katika panya, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Hata hivyo chai ya artemisia si mbadala wa vidonge, na Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono: kiasi cha dawa hubadilika kila kikombe, na dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kujenga usugu.

Na "cha asili hakigombani na dawa za hospitali"? Mmea wa Hypericum perforatum, unaotumiwa dhidi ya sonona, hulichochea ini kuvunja dawa nyingine haraka, zikiwemo baadhi ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango.

Kwenye vito, kosa kubwa ni kutambua jiwe kwa rangi. Yakuti nyekundu na yakuti samawi ni madini mamoja, oksidi ya alumini. Kromiamu kidogo huleta wekundu, chuma na titani huleta buluu. Ile "yakuti" kubwa nyekundu iliyo mbele ya taji la kifalme la Uingereza ni spineli, madini mengine kabisa. Almasi nayo haikwaruziki kirahisi, lakini nyundo huipasua.

Kuhusu nguvu za uponyaji, watu hupenda kutaja saa ya kwatzi kama ushahidi kwamba jiwe lina nguvu zake. Kweli, kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, ila ni kwa umeme wa betri. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Christopher French alieleza jaribio ambamo walioshika vipande bandia walihisi joto na msisimko sawa na walioshika kwatzi halisi. Hapo hakuna aliyedhurika. Hatari iko kwenye kunywa maji yaliyolowekwa mawe: malakaiti ina shaba, sinabari ina zebaki.

Mwisho, "yakuti ya maabara ni kioo". Si kioo. Tangu Auguste Verneuil atangaze njia yake mwaka 1902, yakuti hutengenezwa kwa kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini, na kemia yake ni ile ile ya jiwe la ardhini. Chini ya hadubini mistari ya ukuaji ya jiwe la Verneuil hupinda. Ya jiwe la ardhini hunyooka. Tapeli ni muuzaji anayeijua tofauti hiyo akanyamaza.