Kiboko wa Ruaha anasingiziwa

Saa kumi na moja alfajiri, kabla hakujapambazuka sawasawa, ndiyo saa yangu ya kupima oksijeni kwenye madimbwi ya Mto Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Usiku kucha viumbe wa majini wamekuwa wakiitumia bila mwani kutengeneza nyingine, maana jua halipo. Kwa hiyo kipimo cha alfajiri ndicho kinachoonyesha samaki wameishije. Shida ni kwamba saa hiyohiyo viboko wanarudi kutoka malishoni. Askari wa wanyamapori anatangulia, anasikiliza, kisha ananipungia mkono nipite, nami nateremsha kifaa changu kwa kamba.

Mwezi wa Oktoba maji yenyewe yanafanana na chai ya rangi iliyokolea. Mto wenye afya katika joto la kule huwa na miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita. Ikishuka chini ya 2, samaki wengi hawawezi kuvumilia. Perege unawaona kandokando, midomo juu, wakihema kwenye tabaka jembamba la juu lililogusana na hewa. Kambale hana taabu kubwa, kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa moja kwa moja.

Anayeona hali hiyo kwa mara ya kwanza husema palepale: viboko wamezidi, wapunguzwe. Nimelisikia hilo kwa wageni, nimelisikia hata kwa watu wa kazi hii. Naliona ni kosa, na ni kosa linaloweza kutugharimu mto.

Kiboko mmoja hula takriban kilo 40 za nyasi kwa usiku, halafu mchana anashinda majini, na mavi yake mengi yanaishia humo. Katika Mto Mara, wenye viboko zaidi ya 4,000, Amanda Subalusky na wenzake walikadiria mwaka 2015 kwamba tani 36 hivi za mavi mabichi huingia mtoni kila siku. Ukisikia tani 36 unafikiria uchafu. Lakini maji yanapotembea, mzigo huo ni chakula: wadudu wa majini wanaula, samaki wanawala wadudu, na kinachobaki kinasafiri.

Kuna jambo moja hapa linalonifurahisha kila nikilifikiria. Nyasi hufyonza silika kutoka udongoni, na silika ndiyo inayozipa ule ukali wa kukata vidole. Kiboko anazila, anaihamishia silika hiyo mtoni, na huko inajenga magamba ya diatomu, vijimea vya seli moja vyenye ganda la kioo, visivyoonekana kwa macho, ambavyo ni chakula cha msingi majini. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 76 ya silikoni inayosafirishwa na Mara inaguswa na kazi ya viboko. Udongo wa mbugani unafika Ziwa Victoria kwa kupitia tumbo la mnyama!

Sasa simamisha maji. Mnyama ni yuleyule, mavi ni yaleyale, ila hayana pa kwenda. Yanatuama chini ya dimbwi, bakteria wanayaozesha, na kuozesha kunakula oksijeni. Hivyo ndivyo Keenan Stears na wenzake walivyoonyesha mwaka 2018 hapahapa Ruaha: mto ukitiririka, dimbwi la viboko halitofautiani sana na mto wote, mtiririko ukikatika, kila dimbwi linakuwa dunia yake na samaki wanapungua. Huko Mara nako, mvua ya ghafla ikisukuma madimbwi yaliyorundika mavi, oksijeni inaporomoka hadi chini mtoni. Christopher Dutton na wenzake walirekodi mafuriko 49 ya namna hiyo kwa miaka mitatu, na 13 kati yake yalishusha oksijeni hadi kiwango cha hatari kwa samaki.

Kwa hiyo swali langu si viboko wangapi. Swali ni nani aliyeyasimamisha maji.

Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka masika na kiangazi. Tangu 1993 unakatika kila kiangazi ndani ya hifadhi. Ukitaka kujua kwa nini, panda juu hadi bonde la Usangu, kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni bakuli, na ukingo wake ni mwamba wa asili pale Ng'iriama. Maji hutoka tu kina kikizidi mwamba huo. Kikishuka shubiri moja chini yake, mto ulioko mbele unakuwa mchanga mtupu, hata kama nyuma ya mwamba bado kuna maji ya kuogelea. Tembo wanachimba visima mchangani kwa mikonga, na wengine wote wanasubiri zamu.

Kinachoshusha kina hicho zaidi ni maji yanayochepushwa kiangazi kabla hayajafika Ihefu, kutoka mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha wenyewe. Mabanio, yaani milango ya kuingizia maji ya mto kwenye mifereji, yanaachwa wazi hata wakati hakuna mpunga shambani. Lawama nyingi ziliwaendea wafugaji waliokuwa Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa na mifugo yao, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto umeendelea kukatika.

Mzee mmoja mkulima kule Mbarali, nilipomwamkia na kumweleza kazi yangu, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, haya maji yakishapita jarubani kwangu yanarudi mtoni. Hayaendi popote." Masika anasema kweli kwa sehemu. Lakini ilikuwa Septemba, na jaruba lake lilikuwa limepasuka. Nikapiga magoti nikaingiza mkono kwenye ufa, ukazama hadi kiwiko. Nikamwaga ndoo nzima ya maji pale. Hakuna tone lililosogea hatua mbili. Mzee akatazama ufa kwa muda, akasema, "Kumbe ardhi inakunywa kwanza."

Ndani ya hifadhi udongo unafanya kinyume. Madimbwi yakibaki machache, nyati, pundamilia na viboko wote wanabanana hapo, nyasi zinaliwa hadi shina, na kwato zinaikanyaga ardhi ikawa kama sakafu. Nina pete ya chuma ninayoikita ardhini, namwaga lita moja, nahesabu dakika. Chini ya mkwaju ulio mbali na mto, maji yananywewa kabla sijaandika saa. Kwenye njia ya viboko nakaa hadi kivuli kinanihama. Mvua ya kwanza ikinyesha, sakafu ile haihifadhi kitu: mchanga, matope na mavi ya miezi mitano vinaingia dimbwini kwa alasiri moja.

Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba kufikia 2010 Ruaha ungetiririka mwaka mzima. Kwa hesabu za Japhet Kashaigili na wenzake, ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde ivuke Ng'iriama kiangazi, lazima takriban mita 7 ziingie Ihefu, maana kinamasi na jua vinachukua fungu lao kwanza. Mita hizo 7 hazipatikani kwa kumpiga kiboko risasi. Zinapatikana kwenye mabanio, moja baada ya jingine.

Banio la yule mzee lina mbao tatu za kuzuia maji yasiingie mferejini. Kiangazi kilichofuata nilimkuta ameteremsha mbili. Ya tatu hakuigusa, kwa kuwa mfereji huohuo ndio unaonywesha kitongoji chake.